Mdogo wangu, radio si kubonyeza kitufe tu

Juzi dada mmoja wa Kadutu aliniandikia inboksi: "Yaya, nimepata diploma ya Eta ya kumaliza sekondari, nataka kusoma imajeri, yaani kupiga picha za radio (eksirei), kwenye ISTM, chuo cha tekiniki za utabibu, lakini papa anasema kule ni kubonyeza kitufe tu, bora udaktari."

Maneno hayo yalinichoma, juu niliyasikia sana wakati wa staji, mazoezi ya kazi hospitalini. Docta mmoja kwenye hospitali fulani hapa Bukavu alikuwa ananiita "mpiga picha" mbele ya wagonjwa, jina langu hata hakuwahi kuuliza. Mpaka leo roho inauma.

Basi papa asikie. Mama amekuja anakohoa, unamsimamisha kifua kishikane na kaseti, ile sahani inayopokea picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega unayasukuma mbele ili mifupa yake isifunike mapafu, tyubu inayotoa mionzi iko nyuma ya mama mita 1.80, unamwambia mama vuta pumzi sana, shika hapo hapo, usipumue, njo unabonyeza. Ukimlaza chali ukapiga kutoka mbele, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na kama hukuandika kwenye klishe, ile picha yenyewe, kwamba alikuwa amelala, mama wa watu anaweza kuanzishiwa dawa za moyo na moyo wake ni mzima!

Wiki iliyopita radiolojisti aliuliza nani alipiga ile thorax, picha ya kifua, ya mtoto, imetoka safi hivi. Ni mimi. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Sasa, radiolojisti ni daktari kwanza, anamaliza udaktari halafu anaongeza miaka ya kuspesyaliza, yeye njo anasoma picha na kuandika ripoti. Sisi matekinisye tunaitengeneza picha yenyewe na tunamlinda mgonjwa na mionzi. Picha mbaya hata profesa hataisoma.

Kwa hiyo soma fizikia na anatomia kwa bidii, kweli kweli. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa muulize kama ana mimba kabla ya radio ao skana, muulize kwa upole, pembeni, si mbele ya mama mkwe. Vaa dozimetri yako, kile kipimo cha mionzi unayopokea, kila siku, kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, hospitali isipokupa idai, usinyamaze juu wewe ni stajiere. Na fizikia, narudia.

Kabla ya kulipa minervali, ada ya chuo, nenda uwaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho staji wanafanyia wapi na mashine gani kule zinatembea. Papa mpeleke pia.