Maswali na Majibu ya Udereva: Nashindwa Kuhamia Leni ya Kulia Kabla ya Kondele

SWALI: Mwalimu, nilipata leseni mwezi wa tatu, na sasa naendesha Vitz ya otomatiki kila asubuhi kutoka Mamboleo hadi kazini mjini Kisumu. Barabara ikiwa wazi sina shida. Msongamano ndio unaonimaliza. Nikikaa leni ya kushoto, matatu zinasimama mbele yangu. Nikitaka kuhamia kulia ili nipande daraja la Kondele, nawasha indiketa, na hapo hapo wa nyuma anaongeza mwendo aizibe nafasi. Juzi nilisimama kabisa nikingoja mtu anipishe. Nilipigiwa honi hadi mikono ikatetemeka, na mwishowe nikajikuta nimeshushwa na mkondo wa magari hadi chini kwenye raundabauti. Kaka yangu anasema niingize pua tu, watasimama wenyewe. Ni kweli? Na hizi bodaboda zinazochomoka katikati ya leni nizichunge vipi? – Msomaji, Mamboleo

JIBU: Dada, nianze na pale uliposimama, maana hapo ulikuwa hatarini kuliko ulivyodhani, na honi zilikuwa sehemu ndogo tu ya hatari hiyo. Gari lililosimama haliingii kwa usalama katika leni inayokwenda. Piga hesabu. Leni ya kulia ikienda kilomita 40 kwa saa, kila gari linakata takriban mita 11 kwa sekunde moja. Lililo mita 30 nyuma yako linakufikia kabla ya sekunde 3 kwisha, nawe ndiyo kwanza umetoa mguu kwenye breki. Sasa chukua mita 30 zile zile, lakini wewe uwe unakwenda kilomita 35. Tofauti ya mwendo wenu ni kilomita 5 tu kwa saa, na dereva huyo atahitaji zaidi ya sekunde 20 kukufikia hata asipogusa breki. Nafasi haikuongezeka hata mita moja. Mwendo wako ndio uliobadilika.

Nadhani najua mazoea hayo yanatoka wapi. Chuoni ulijifunza leni kwa kusogeza kigari juu ya bodi ya modeli, kama karibu kila dereva wa Kenya. Bodi ile inafundisha vizuri mambo mengi: leni ipi inaelekea wapi, nani ana haki ya kupita kwanza, raundabauti inaingiwa vipi. Lakini ukisogeza kigari chako, vingine vyote vimetulia tuli vinakutazama. Mwanafunzi anatoka pale akiamini kwamba nafasi ni mahali fulani palipo wazi, na kazi yake ni kupangoja. Barabarani nafasi inasafiri. Iko kati ya gari moja na jingine, inakwenda kwa mwendo wao, na anayetaka kuipata sharti asafiri nayo sambamba.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaambia waache kutafuta nafasi, watafute gari la kufuata. Ukiwa leni ya kushoto, tazama kioo cha kulia na umchague mmoja anayekuja: tuseme pikapu nyeupe. Usijaribu kuingia mbele yake. Mwache akupite, huku ukiongeza au kupunguza mwendo wako taratibu hadi mlingane. Bampa yake ya nyuma ikishakupita, hiyo nafasi iliyo mgongoni mwake ndiyo yako, mradi aliye nyuma yake yuko mbali vya kutosha. Unaingia ukimfuata yeye, kwa mwendo wake.

Hapo hata yule anayeziba hakusumbui tena. Umewasha indiketa, wa nyuma ameongeza mwendo ili usiingie? Vizuri, mwache apite. Amejitolea mwenyewe kuwa gari lako la kufuata. Madereva wapya wengi humaliza nguvu zao kwa kushindana na mtu huyo, au humkasirikia na kuizima indiketa. Usiizime. Indiketa hupepesa mara moja hadi mbili kwa sekunde. Ipe milio minne au mitano kabla ya kugeuza usukani, yaani kama sekunde 3, na uiache ikiendelea ukiwa bado unachagua. Wapo watakaoziba, lakini baada ya mmoja au wawili hupatikana anayelegeza mguu. Nimeliona jambo hili katika barabara za mji huu asubuhi na jioni, na nalisema kwa moyo wote: madereva wa Kisumu wanapisha kuliko sifa wanazopewa, ila wanampisha dereva ambaye nia yake inaeleweka mapema.

Utajuaje kwamba wa nyuma yuko mbali vya kutosha? Usiamini kioo cha pembeni peke yake. Kwa kawaida kioo hicho, hasa cha upande wa abiria, kimebinuka kidogo ili kikuonyeshe eneo pana, na kwa sababu hiyo gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Linganisha na kioo cha ndani. Ukiliona gari hilo kwenye kioo cha ndani, uso wake wote, taa zote mbili na bampa, mkiwa mnakwenda kwa mwendo unaokaribiana, basi una nafasi. Likionekana kwenye kioo cha pembeni tu na la ndani hulioni, bado liko ubavuni mwako. Tulia.

Halafu geuza shingo. Kuna pembe ambayo hakuna kioo kinachoionyesha, kuanzia karibu na bega lako la kulia kurudi nyuma kidogo, na pikipiki nzima hujificha humo. Kugeuza shingo hakumaanishi kutazama dirisha la nyuma. Tazama kupitia dirisha lako la kulia, kidevu kikifika usawa wa bega, kisha macho yarudi mbele mara moja. Kwa kilomita 40, sekunde moja ya kutazama kando ni mita 11 zilizopita bila macho yako, takriban urefu wa Vitz tatu. Kwa hiyo kabla ya kugeuza shingo hakikisha aliye mbele yako yuko mbali. Ajali nyingi ndogo za kuhama leni hutokea hapo: dereva anachungulia kulia, huku matatu ya mbele imeshika breki.

Na tuzungumze kuhusu matatu hiyo, maana naona ndiyo kiini cha shida yako. Unaifuata karibu mno. Matatu katika barabara ya Mamboleo itasimama, hilo si jambo la kushangaza. Anayenyoosha mkono kando ya barabara unamwona wewe kama dereva wa matatu anavyomwona, na makanga akianza kuning'inia mlangoni umeshapewa habari. Acha nafasi ambayo inakuwezesha kuona matairi yake ya nyuma yakigusa lami, na sehemu ya lami pia, hata mkiwa mnatambaa. Mkiongeza mwendo, acha sekunde 2: yeye akipita mlingoti, uhesabu sekunde 2 ndipo nawe uupite. Nafasi hiyo ndiyo akiba yako. Matatu ikianza kupunguza mwendo, wewe bado una mita za kuendelea kwenda ukisoma kioo, na unaweza kuhama ukiwa na mwendo. Ukiwa umeigandamia mkia, inaposimama nawe unasimama, na tunarudi kwenye ile hesabu ya mita 30 na sekunde 3. Ikishatokea hivyo, usichomoke. Ngoja matatu iondoke. Abiria wakishuka huchukua muda mfupi kuliko unavyohisi ukiwa nyuma yao.

Kuhusu bodaboda, waendeshaji hupita katikati ya leni, na msongamano ukizidi ndivyo wanavyopita kwa wingi, kwa sababu hiyo ndiyo faida yao. Tazama vioo kila baada ya sekunde chache hata kama huna mpango wa kuhama, ili ujue nani yuko nyuma kabla hujamhitaji. Ukishageuza shingo na kuona pako wazi, rudisha jicho kwenye kioo cha pembeni mara ya mwisho, kisha uingie kwa mshazari mrefu, sekunde 3 au 4, si kwa kuukata usukani. Mshazari mrefu humpa mwenye pikipiki muda wa kukuona ukija na kupita au kushika breki. Ukikata ghafla, mlango wako unamfungia njia akiwa tayari ameshaingia. Tuktuk ni nyembamba pia, lakini tabia yake ni tofauti: abiria akiita, inavutwa kando mara moja, na mara nyingi bila ishara. Usiichague kuwa gari la kufuata.

Usichague pia kuingia mbele ya lori lililobeba. Lori zito linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na ile nafasi kubwa unayoiona mbele yake ameiacha kwa ajili ya breki zake. Ukiijaza wewe, umemnyang'anya. Trela za miwa ziendazo viwandani nazo, kama hukuona taa zikiwaka nyuma yake, kaa mbali. Mzigo huficha taa, na miwa hutokeza kando kuliko bodi yenyewe.

Sasa kaka yako. Ana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayofanya ushauri wake uwe hatari. Msongamano ukiwa umesimama kabisa, au magari yakitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, unaweza kuelekeza pua kidogo kulia, indiketa ikiwaka, ukashusha kioo cha dirisha na kumwomba dereva kwa mkono. Mtazame usoni. Akikupungia, ingia polepole. Mwendo ukiwa juu ya huo, pua haiombi, inalazimisha, na unayemlazimisha huenda anatazama simu.

Ila hata aliyekupungia ana uwezo wa kukupa nafasi yake yeye tu. Hawezi kukupa nafasi ya bodaboda iliyo kando yake. Hapa ndipo ninapoogopa sana kwa madereva wapya: mtu mwema anasimama, anakuita kwa mkono, wewe unaona aibu kumchelewesha, unakanyaga mafuta, na pikipiki inayopita ubavuni mwake haikuoni wala wewe huioni, kwa sababu gari lake limewakinga nyote wawili. Mshukuru, kisha usogee kidogo kidogo huku ukichungulia ubavu wa gari lake hadi uhakikishe. Sekunde mbili zaidi hazitamuudhi aliyekwisha amua kukupisha.

Kabla ya Kondele, magari yanayopanda daraja na yanayoshuka kwenda raundabauti yanagawanyika, na pale kila mtu anapigania leni yake. Usilifanye jambo hili pale. Amua mapema. Mita 500 kwa mwendo wa kilomita 40 ni sekunde 45, muda wa kutosha kuwaacha watatu au wanne wapite na kumfuata wa tano. Ukiona leni zimetulia mara tu baada ya Mamboleo, hamia kulia wakati huo na ubaki huko hadi uvuke daraja. Najua kanuni inasema tukae kushoto na kulia iwe ya kupita, nami naifundisha hivyo. Lakini mahali ambapo leni zinagawanyika kwa kufuata mwelekeo, leni yako ni ile ya unakokwenda. Mradi uende na mwendo wa wenzako, ndani ya kilomita 50 za mjini, hakuna unayemzuia. Ukifika kwenye mstari mweupe usiokatika, au karibu na tuta, kivuko cha watembea kwa miguu au makutano, mambo ya kuhama yamekwisha.

Na ukikosa? Shuka Kondele kwa amani. Zunguka, rudi barabarani, utachelewa dakika chache. Mwambie na mkuu wako kazini kama ni lazima. Usisimame mahali njia zinapogawanyika ukiomba kurudi kulia. Hapo wanaokuja nyuma yako wameshaamua, na hawatarajii gari lililosimama.

Jambo moja la vioo, ulifanye leo ukiwa umeegesha. Madereva wengi huvitega hadi waone nusu ya ubavu wa gari lao wenyewe, na ubavu huo hauendi popote. Egemeza kichwa karibu na dirisha la kulia, kisha sukuma kioo cha kulia nje hadi ubavu wa gari lako uonekane kwa ukingo tu. Kwa cha kushoto, egemea katikati ya gari, kati ya viti viwili, ufanye vivyo hivyo. Ukikaa sawa utaona leni ya jirani zaidi, na gari linalokupita litatoka kwenye kioo cha ndani na kuingia cha pembeni bila kupotea kwa muda mrefu. Shingo bado utaigeuza. Na mvua za alasiri zikianza, futa vioo hivyo kwa kitambaa kabla ya kuondoka kazini, kwa maana matone juu yake huyachanganya mataa yote.

Mazoezi yafanye Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache lakini yapo. Mchukue kaka yako aketi kando, asikuambie lini uingie. Wewe ndiwe utakayesema kwa sauti: "Namfuata pikapu nyeupe. Wa nyuma yake namwona kwenye kioo cha ndani. Bega, wazi." Mara chache za kwanza sema tu bila kuhama, ili upime kama gari ulilochagua lilikuwa chaguo zuri. Ukianza kuona kwamba unachagua sawasawa kila mara, hama. Asubuhi za kazini jaribu kwanza kuondoka Mamboleo nusu saa mapema kwa wiki moja au mbili, kabla barabara haijajaa, kisha usogeze muda polepole hadi kwenye ule msongamano uliouzoea.