Usiache Tetesi za Mapenzi ya Mastaa wa K-pop Zikulie Bando na Usingizi

Seoul iko mbele yetu kwa saa sita. Vyombo vya habari vya huko vikitoa habari saa nne asubuhi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa kumi alfajiri, na shabiki anayelala na simu pembeni ya mto anaamshwa na mtetemo: "Jamani mmeona?" Hapo hakuna tena kulala. Kuna picha mbili zenye ukungu, gari jeusi, kofia na barakoa, na kundi zima la WhatsApp limeshaamka kujadili kama fulani na fulani ni wapenzi.

Mimi ni admini wa kundi la mashabiki wa K-pop, yaani muziki wa pop wa Korea Kusini, na wengi waliomo ni wanafunzi wa sekondari na vyuo wanaoniita dada. Nimeziona tetesi nyingi zikiingia na kutoka, na nimeona zinavyowafanya watu wenye akili zao: marafiki wanablokiana, mtu anafuta albamu zote kwenye simu, mwingine analia na hawezi kumweleza mama yake analia nini. Ninachotaka kuwaambia ni kimoja tu. Huna wajibu wa kuwa na msimamo juu ya mapenzi ya msanii. Unaweza kuipenda kazi yake kwa moyo wote, na habari ya nani anatoka na nani ukaiacha ipite.

Tuanze na zinakotoka, maana ukijua jikoni kunapikwaje, pupa inapungua. Habari hizi zina ngazi. Ngazi ya juu ni Dispatch, chombo cha Korea Kusini kilichojijengea jina kwa kuwafuatilia mastaa na kamera za mbali. Kwa miaka kadhaa kilikuwa na mazoea ya kufungua mwaka kwa kutangaza wapenzi wapya Januari 1. Mwaka 2013 walikuwa mwimbaji Rain na mwigizaji Kim Tae-hee, ambao baadaye walioana. Mwaka 2019 walikuwa Kai wa kundi la EXO na Jennie wa kundi la BLACKPINK, na kabla Januari haijaisha ikatangazwa kwamba wameachana. Dispatch ikitoa kitu, mara nyingi kampuni ya msanii hujibu siku hiyohiyo.

Ngazi ya chini ndiyo inayotumaliza. Hiyo haina mwandishi wala kamera, ni mashabiki wenyewe. Nawaeleza moja ilivyokuwa, maana zote zinafanana. Picha nne zimeunganishwa kuwa moja. Kushoto kijana amevaa bangili ya nyuzi, kulia binti amevaa bangili ya aina hiyo, zote mbili zimezungushiwa duara jekundu, na mshale unashuka hadi kwenye tarehe mbili alizoposti kila mmoja picha ya bahari. Basi, uchumba umethibitishwa! Ukikuza picha unaona bangili moja ina shanga na nyingine haina. Lakini nani anakuza picha saa kumi alfajiri?

Yapo mambo ya kawaida kabisa yanayozaa "ushahidi" wa namna hiyo. Nguo na mapambo ya wasanii hawa kwa sehemu kubwa huchaguliwa na watu wa mavazi, na kampuni moja ya nguo inaweza kumvalisha kila mtu mjini kwa msimu mmoja. Vipindi vya muziki vya televisheni vinawakutanisha wote sehemu moja. Music Bank ya kituo cha televisheni cha KBS hurushwa siku ya Ijumaa, kwa hiyo msichana wa kundi hili na mvulana wa kundi lile wakionekana nje ya jengo la KBS Ijumaa asubuhi, wamekwenda kazini. Siku hizi kuna na picha zilizotengenezwa na akili mnemba, watu wawili wamekaa mgahawani ambao hawakuwahi kukaa. Angalia vidole, angalia maandishi ya ukutani, na ukishindwa kuona kasoro bado usisambaze.

Jifunze pia kusoma majibu ya kampuni, kwa sababu yanajirudia. Wakisema "wanaanza kufahamiana", wamekubali. Wakisema "ni marafiki wa kikazi tu", wamekanusha. Na wakisema "hayo ni maisha binafsi ya msanii, ni vigumu kuthibitisha", wameamua kufunga mlango, na mashabiki nao wanaamua kuuvunja. Hili jibu la tatu ndilo linaloleta kelele nyingi kuliko yote mawili, na kwangu mimi ndilo la haki kuliko yote. Mtu mzima hana deni la kumwambia mtu wa Mwanza au Mombasa anakula chakula cha usiku na nani.

Na hata kukanusha si mwisho wa maneno. Agosti 2018 kampuni ya Cube ilikanusha kwamba wasanii wake HyunA na E'Dawn ni wapenzi. Kesho yake wao wenyewe wakasema kweli, na kwamba wamekuwa pamoja kwa miaka miwili. Septemba kampuni ikatangaza kuwaondoa. Waliokesha wakigombana usiku ule wa kukanusha, wakiapa kwa majina ya mama zao, asubuhi wakakuta ubishi wao wote umekwenda na maji. Ndiyo maana nawaambia wangu: kama wenye kampuni wanaweza kusema hivi leo na vile kesho, wewe unayetumia bando la wiki kubishana unapata nini?

Tukio ninalolitumia sana kufundishia ni la Karina wa kundi la wasichana la aespa. Februari 27, 2024, Dispatch iliandika kwamba yeye na mwigizaji Lee Jae-wook wana uhusiano, na jibu likaja lilelile la kuanza kufahamiana. Kilichofuata kiliniumiza. Mbele ya ofisi za kampuni yake, SM Entertainment, mjini Seoul likaletwa lori lenye skrini kubwa ya maandishi, njia ambayo mashabiki wa Korea huitumia kulalamika, likimuuliza kama mapenzi aliyopewa na mashabiki hayamtoshi. Wiki moja baadaye binti yule, akiwa na miaka 23, aliandika barua ya mkono akaiweka Instagram kuwaomba radhi mashabiki. Aliomba radhi kwa kupendana na mtu! Aprili 2 ikatangazwa kwamba wameachana.

Hesabuni wenyewe, ni kama wiki tano. Katika wiki hizo kundi letu halikuzungumza muziki hata kidogo, ilikuwa barua na lori, lori na barua. Mei mwaka uleule aespa wakatoa "Supernova", na mwishoni mwa mwaka ikashinda Wimbo wa Mwaka kwenye tuzo za muziki za Korea ziitwazo MAMA. Wapo waliokuwa wameshaondoka kwa hasira Machi, wakakosa mwaka mzuri kuliko yote wa kundi walilolipenda.

Sisemi kwamba uchungu wa shabiki ni ujinga. Nimekaa na mabinti wanaolia, na uchungu wao ni wa kweli. Ila ni vizuri ujue umetengenezwaje. Biashara hii imejengwa juu ya ukaribu. Kuna programu kama Bubble, unalipa kila mwezi na msanii anakutumia ujumbe unaoonekana kama amekuandikia wewe peke yako, mpaka jina ulilojiandikisha linaweza kuonekana ndani yake. Kuna hafla za kusaini ambazo ili uingie kwenye bahati nasibu ya nafasi unanunua albamu, na ukinunua nyingi nafasi inaongezeka, na tangu corona zipo pia za simu ya video, dakika moja au mbili mkitazamana usoni. Ndani ya albamu kuna kadi ya picha usiyojua itakuwa ya nani, kwa hiyo unanunua tena kumtafuta wako. Shabiki wa huku anaongeza nauli ya mzigo na ushuru juu yake. Mtu aliyeweka akiba ya miezi kadhaa akapata albamu moja, akisikia "wake" ana mpenzi, anajisikia kama aliyeibiwa.

Lakini hebu turudi kwenye risiti. Ulilipia nini? Ulilipia nyimbo, picha, kijitabu na ile kadi. Vyote umevipata. Hakuna mahali msanii aliandika kwamba atabaki bila mtu ili wewe uridhike. Ni kweli kampuni nyingine zimewahi kuwakataza wasanii wachanga kuwa na wapenzi kwa miaka ya mwanzo, kampuni ya JYP ilijulikana kwa sheria ya miaka mitatu, lakini hilo lilikuwa kati ya kampuni na wafanyakazi wake. TWICE, kundi la wasichana la JYP, walianza Oktoba 2015, na Agosti 2019 JYP ikakubali kwamba Jihyo wa kundi hilo ana uhusiano na mwimbaji Kang Daniel. Kundi halikufa. Waliendelea kujaza viwanja.

Sasa, nini cha kufanya habari ikilipuka? Kwanza zima taarifa za kundi usiku. Si kujitoa, zima mlio tu. Habari ya kweli itakuwepo saa mbili asubuhi ukiwa umeshakunywa chai, na ya uongo huenda imeshakufa. Kwenye kundi letu niliweka sharti kwamba habari ya uchumba hailetwi mpaka kuwe na tamko la kampuni, na ikiletwa inaletwa mara moja, hakuna kuijadili usiku. Walilalamika kwamba nawabana. Baada ya muda wao wenyewe ndio wanaowakumbusha wageni.

La pili, amua kabla ya tukio unampendea nini huyo msanii. Nawaambia waandike. Mmoja aliandika "sauti yake ya chini kwenye kiitikio". Mwingine, "anavyocheza mguu wa kushoto ukitangulia". Habari ikitoka, rudi kwenye ulichoandika uone kama kimebadilika. Sauti haibadiliki kwa sababu mwenye nayo amekwenda sinema na mtu.

La tatu ni kwa wanafunzi, na hapa naongea kama dada mkubwa kabisa. Oktoba 2024 SM ilitangaza kwamba Seunghan atarudi kwenye kundi lake la RIIZE, baada ya kusimamishwa karibu mwaka mzima kwa ajili ya picha na mambo yake binafsi yaliyovuja, mengine ya kabla hajaanza kazi. Baadhi ya mashabiki wasiotaka arudi wakapeleka mashada ya mazishi mbele ya ofisi, safu kwa safu, na siku mbili baada ya tangazo akajiondoa. Huku kwetu ilikuwa wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Kulikuwa na binti kwenye kundi aliyekuwa anatafsiri kila tamko kutoka Kiingereza usiku kucha, ili wenzake waelewe. Kazi nzuri, alikuwa na kipaji. Nilimpigia simu, sikumwandikia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipe hiyo kazi mimi, wewe kasome. Nitakuhifadhia kila kitu mpaka umalize karatasi ya mwisho." Alikataa kwanza, kisha akanikabidhi. Kama una mdogo wako wa namna hiyo, usimkaripie kwamba anapoteza muda kwa Wakorea. Mpokee mzigo, mwambie utamwekea.

Kama unataka kuwa karibu na muziki wenyewe, tumia tofauti ya saa kwa faida yako. Nyimbo nyingi za K-pop hutoka saa kumi na mbili jioni kwa saa za Seoul. Huku ni saa sita mchana. Hakuna haja ya kukesha. Kambaki, yaani kundi linaporudi na kazi mpya, inaanguka wakati wa chakula cha mchana, mnaweza kukaa watatu wanne na simu moja mkaangalia video pamoja. Sisi tunafanya hivyo, na mabishano ya saa ile yanakuwa ya nani kapewa mistari michache, ambayo ni mabishano mazuri.

Jambo la mwisho ni zito. Maneno mnayoandika yanafika. Sulli, mwimbaji aliyekuwa kundi la f(x), aliandamwa kwa miaka mtandaoni, uhusiano wake wa kimapenzi ukiwa miongoni mwa mambo aliyotukaniwa. Alifariki Oktoba 2019 akiwa na miaka 25. Mwezi uleule Daum ilifunga sehemu ya komenti kwenye habari za burudani, na Naver ikafuata Machi 2020. Kampuni mbili kubwa za mtandao za Korea ziliona hakuna njia nyingine.

Usidhani jina la bandia linakuficha. Chaneli ya YouTube iitwayo Sojang ilijitajirisha kwa uzushi kuhusu wasanii, akiwemo Jang Wonyoung wa kundi la IVE, na mwendeshaji wake alijulikana baada ya mahakama ya Marekani kuruhusu taarifa zake zitolewe na Google. Januari 2025 mahakama ya Incheon ilimhukumu kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa, na kuamuru anyang'anywe won (fedha ya Korea) milioni 210. Na kwa sheria za Korea Kusini, hata jambo la kweli ukilisambaza ili kumvunjia mtu heshima linaweza kukufikisha mahakamani.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya kutengenezwa, namba ya simu ya msanii, anwani ya nyumbani kwake au tusi la kutisha, usiliposti tena hata kama ni kwa ajili ya kulaani. Chukua picha ya skrini yenye tarehe na kiungo, ipeleke kwenye ukurasa wa kampuni wa kupokea malalamiko: wasanii wa SM wana KWANGYA 119, wa kampuni ya HYBE wana HYBE Protect, na kampuni nyingine nyingi hutoa barua pepe kwenye tovuti zao. Andika Kiingereza chepesi, mistari mitatu inatosha. Ukikwama kuandika, nitumie rasimu yako kwenye komenti hapa chini, nitaipitia kabla hujaituma.