Taa ya LED kwa tanki la mimea: angalia mimea na hewa ukaa kwanza, wati baadaye

Mkuu, nimekusoma vizuri. Tanki lako la samaki na mimea ya majini lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 40. Ndani kuna Anubias, Cryptocoryne na Vallisneria, na huna mtungi wa kuyaongezea maji hewa ukaa (CO2). Umebaki na taa mbili za kuchagua: moja ya wati 20, nyeupe tupu, ikiwaka imewaka, nyingine ya wati 36, yenye nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, na mwanga wake unapunguzika. Unauliza ipi itaotesha mimea vizuri, na kama itafaa siku ukitaka zulia la mimea mifupi pale mbele.

Chukua hiyo ya pili, ila uiwashe kwa asilimia 30 au 40 tu. Siichagui kwa rangi zake wala kwa zile wati 36. Naichagua kwa sababu mwanga wake unapunguzika. Taa yenye nguvu inayopunguzika utaishi nayo miaka mingi, hata ukibadilisha mimea. Taa isiyopunguzika inakulazimisha kulipanga tanki zima kuifuata yenyewe.

Watu wengi huiona taa kama chakula cha mimea, kwamba ikiwa nyingi ndiyo mmea unashiba. Mimi baada ya kulea matanki haya kwa muda naiona kama pedali ya mafuta kwenye gari. Mwanga ndio unaoamua tanki liende kasi gani. Ukiuongeza, mmea unadai hewa ukaa zaidi, nitrojeni zaidi, fosfati, potasiamu na chuma. Kimoja tu kikikosekana mmea unasimama, na mwanga ule usiotumika unaufaa mwani, ule ukijani unaoota kwenye majani na vioo. Katika tanki lisilo na mtungi, kinachokosekana kwanza karibu kila mara ni hewa ukaa. Maji yaliyoachwa yalingane na hewa ya kawaida huwa na hewa ukaa isiyofika hata miligramu 1 kwa lita. Samaki wakipumua na uchafu ukioza chini, kiasi hicho kinapanda kidogo. Wenye mitungi hulenga karibu miligramu 30. Kwa pengo kubwa namna hiyo, hakuna taa itakayofidia.

Mimea yako nayo ni mipole, haidai mengi. Anubias asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, hujishikiza kwenye mawe na magogo kando ya vijito vya msituni, kwenye kivuli. Jani lake moja hudumu muda mrefu sana, na hapo ndipo linapotoa siri ya taa yako. Angalia jani la juu kabisa, lililo karibu na taa kuliko mengine yote. Ukikuta vidoa vya mwani, vya mviringo na vya kijani kibichi, vidogo kama ncha ya kalamu, vigumu kiasi kwamba kidole hakivitoi mpaka ukwangue kwa ukucha, basi mwanga umezidi pale juu, au fosfati imepungua, au yote mawili. Mimi huanza na taa, naishusha asilimia 10, halafu nasubiri jani jipya. La zamani halisafiki lenyewe tena, kwa hiyo usilitumie kupima kama mambo yamekaa sawa. Likikuudhi, likate kwenye kikonyo chake.

Sasa wati. Wati zinakueleza taa inakula umeme kiasi gani, basi. Taa mbili za wati 20 zinaweza kutofautiana sana kwa mwanga unaofika mchangani. Lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka, zinasaidia kidogo, ila zimepimwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani-njano, karibu nanomita 555. Mmea unatumia mwanga wa kuanzia nanomita 400 hadi 700, na bluu na nyekundu ambazo jicho letu linazidharau ndizo klorofili inazozipenda zaidi. Kipimo kinachofaa ni PAR, yaani fotoni (chembe za mwanga) za eneo hilo zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, kwa mikromoli. Kwa mimea kama yako bila mtungi mimi hulenga 20 hadi 35 pale mchangani. Nikivuka 50 nataka mtungi uwe umeshawekwa.

Kipimo halisi cha PAR ni ghali na si kila mtu anacho. Kama taa ni nyeupe tupu ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 hivi, unaweza kukadiria kwa simu yenye programu ya kupima luksi, yaani lumeni kwa mita ya mraba: gawanya luksi kwa 70, unapata PAR iliyo karibu na ukweli. Luksi 2,000 ni kama 29. Simu zinatofautiana, kwa hiyo chukulia ni makadirio. Kwa taa yako ya rangi nne, zima nyekundu, kijani na bluu, pima nyeupe peke yake, ukijua kwamba ukizirudisha namba halisi itapanda. Na ukipata nafasi, fanya kazi hiyo tanki likiwa tupu, bila maji: laza simu chini, kamera ya mbele ikitazama juu, pima katikati, kisha kila pembe.

Pembe ndizo zinazosahaulika, nami naona hapa ndipo pesa nyingi za watu hupotea. Taa ikiwa mstari mmoja mwembamba katikati ya tanki la upana wa sentimita 30, sehemu ya mbele kwenye kioo, yaani hapo hapo unapotaka zulia, hupata mwanga mdogo kuliko katikati. Angalia taa kwa chini: je, balbu zake ndogo zimetawanywa upana wote, au zimepangwa safu moja? Zina lenzi juu yake? Lenzi inayoukusanya mwanga huupeleka chini sana, inafaa tanki refu la kwenda chini, lakini huacha pembe gizani. Kwa kimo cha sentimita 40 mimi nachagua inayotawanya mwanga kwa upana wa nyuzi 120 hivi. Ukitaka kutawanya zaidi, inyanyue juu ya maji sentimita 10 au 15. Katikati patapungua, pembeni patalingana. Na usidanganywe na miguu inayovutika. Taa ya sentimita 60 iliyovutwa miguu ikakaa kwenye tanki la 80 huacha ncha mbili za giza, na Vallisneria ukizipanda pale hunyong'onyea.

Kuhusu rangi, kelvini inaeleza mwanga unavyoonekana, si nguvu yake. Nyeupe ya 6500 huotesha vizuri kabisa, na nyeupe ya LED yenyewe kwa kawaida ni chembe ya bluu iliyopakwa unga wa njano, kwa hiyo bluu na kijani vimo tele, nyekundu kwa kiasi. Kuongeza nyekundu kunasaidia macho yako kuliko mmea. Ukiona mmea wa majini kama Rotala umewaka nyekundu chini ya taa za rangi, kata kipande, kitoe nje, kiangalie kwenye mwanga wa mchana. Mara nyingi kinarudi rangi ya chungwa hafifu, au hata kijani. Wekundu wa kweli hutokana na mwanga mkali pamoja na nitrati iliyobanwa kidogo, na hilo halikuhusu kwa sasa. Panga rangi zako jinsi samaki wako wanavyokupendeza, bila kuona haya.

Mengine kwa haraka. Taima ni lazima: saa 6 kwa siku katika wiki za mwanzo, baadaye 7 au 8. Kama taa inaweza kuwaka polepole, iache ifanye hivyo, samaki wakishtuliwa gizani hurukaruka. Mwili wa taa uwe wa alumini, maana LED huchakaa haraka ikipata joto. Taa yenye alama ya kuzuia maji ya IP67 inavumilia hata kuangukia majini kwa muda mfupi. IP65 inavumilia maji ya kurusha tu. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda kuingia, tone likiteremka liishie hapo. Kifuniko cha kioo kifute kila unapobadilisha maji, ule ukungu mweupe wa chokaa hula mwanga kimyakimya.

Na ukibadilisha taa, Cryptocoryne zinaweza kuyeyusha majani yote ndani ya siku chache. Tafadhali usizing'oe. Mizizi iko hai, zitachipua upya.

Zulia sasa. Hemianthus callitrichoides, ile ya majani madogo kabisa, usiiguse bila mtungi. Ukiuweka mtungi, fungulia hewa ukaa saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka, usubiri kimiminika cha kipimo cha hewa ukaa, kile kichupa cha kioo kinachokaa ndani ya tanki, kitoke bluu kiwe kijani, ndipo uanze kupandisha taa asilimia 10 kila baada ya wiki mbili, ukilikagua lile jani la juu la Anubias kila hatua. Ikiwa mtungi bado, panda Sagittaria subulata pale mbele. Hutambaa yenyewe kwa vishina vinavyopita chini ya mchanga, ni ndefu kidogo kuliko zulia unalolifikiria, lakini kwa mwanga huo huo wa asilimia 40 itafunika. Ipe kidonge cha mbolea karibu na mizizi, usiibananishe wakati wa kupanda, acha nafasi ya vidole vitatu kati ya mche na mche.