Siku moja inatosha, fuata jua na maji
Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuzunguka mji wa pwani ya kitropiki ukiwa peke yako na hela kidogo. Inatosha, ila ipange kwa kufuata jua na maji, usiifuate orodha ya vivutio.

Toka alfajiri. Saa 12 hadi saa 4 ndio muda wa miguu: mitaa ya zamani, soko la samaki, gati. Kutazama ni bure. Simama kando uone vyombo vikishusha, nyavu bado zinachuruzika, magamba yamenata mikononi mwa wachukuzi. Mimi hapo husahau saa kabisa.

Saa 6 jua liko utosini, usishindane nalo. Ingia makumbusho, au panda basi la abiria wa kawaida hadi mwisho wa njia urudi nalo. Kwa nauli ndogo utaona mitaa ambayo magari ya watalii hayapiti.

Kabla ya ufukwe, waulize wavuvi maji yanajaa saa ngapi. Kutoka kupwa hadi kujaa mara nyingi ni kama saa 6, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hurudi mbali, mwamba wote ukaonekana, halafu yakakujia kwa nyuma. Uliye peke yako huna wa kukuita, kwa hiyo geuka mapema.

Giza la huko huingia upesi baada ya magharibi. Usafiri wa kurudi uujue kabla, na pesa usiziweke mfuko mmoja.