Kabla hujanunua fuawe

Vijana wanaotaka kuanza uhunzi nyumbani huniuliza kwanza fuawe, lile pande la chuma la kufulia, inapatikana wapi. Fuawe isubiri. Ekseli nene ya lori, ikisimamishwa wima ndani ya gogo zito, inatosha kabisa, kwa sababu nyundo inataka uzito ulio moja kwa moja chini yake, si uso mpana. Kipande cha reli nacho ni kizuri, ila usikinunue kwa mtu asiye na risiti. Reli ikiwa ya wizi, kesi utaibeba wewe.

Pesa yako iweke kwenye upepo. Mkaa uleule wa kupikia, ukipulizwa na drayer kuukuu ya saluni kupitia bomba la chuma, unatosha kabisa kulainisha springi ya gari. Bomba lisiwe lile la maji lililopakwa zinki! Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo jiko lako linalivuka kirahisi, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka.

Kuta za jiko zijengwe kwa udongo wa kichuguu. Wahaya wa Kagera waliutumia kwenye tanuri zao za kuyeyushia chuma, na mpaka leo sijaona udongo wa bure unaoushinda. Zege na mawe ya mtoni yaache, moto ukikolea hupasuka na vipande vikaruka.

Kusubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu ili ishike umbo, kunataka tahadhari zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ukiwa juani huoni wekundu wowote, kwa hiyo chungu kinachoonekana kimetulia kinaweza kukuunguza hadi mfupa. Tafuta pistoni na rimu za gari za alumini. Zina silikoni, ndiyo maana uji wake hufika hadi kwenye pembe za kalibu, wakati makopo ya soda huishia kuwa taka nyingi. Na si kila chuma chepesi ni alumini. Bloku ya injini ya Volkswagen Beetle, kwa mfano, ni ya magnesi, ambayo ikishika moto maji huuchochea zaidi. Kwangua sehemu moja hadi ing'ae, dondoshea siki. Ikitoa povu, irudishe ulikoitoa. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu siku zote.

Hatari kubwa kuliko zote ni unyevu. Tone la maji likinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke wenye ujazo wa mara 1,700 hivi, na uji wote hurushwa usoni mwako. Skrepa, koleo, hata fimbo ya kukorogea, vyote vipashwe moto kandokando ya jiko kabla havijagusa chungu. Mchanga wa kalibu ufumbate mkononi: ushikamane, ukiuvunja utoke vipande viwili safi, na kiganja kibaki kikavu. Mimina ukiwa juu ya mchanga mkavu, kamwe si juu ya sakafu ya saruji.

Sufuria za kupikia usisubu kwa skrepa ya kuchanganya, tafadhali. Huwezi kujua ina risasi kiasi gani, na watakaoila ni watoto wako.

Ukibakiwa na hela, nunua buti za ngozi. Suruali iwe ya pamba na ishuke nje ya buti, ili tone likidondoka liteleze hadi chini badala ya kuingia soksini.