Jibu: Pedali ya breki inalegea baada ya mteremko mrefu

Mkuu, kama pedali ni ngumu gari likiwa baridi ila inazama ukishashuka mlima kwa kasi, usikimbilie pedi. Angalia kwanza mafuta ya breki. Hunyonya unyevu, yakipata joto yanachemka, na mvuke hubonyea. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya huchemka kuanzia 230°C. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155°C.

Nunua lita moja ambayo haijafunguliwa. Gari likae kwenye stendi za kulishikilia juu, si jeki peke yake. Kwa bomba la sindano, nyonya mafuta ya zamani yaliyo ndani ya kikopo cha mafuta ya breki, jaza mapya, kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo hicho (kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu). Chomeka mpira mwangavu kwenye nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya kalipa, kifaa kinachobana pedi, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage pedali na kuishikilia. Legeza nipeli robo mzunguko, kaza KABLA hajaachia. Wengi huharibu hapo: akiachia mapema, hewa inarudi ndani. Rudia mpaka yatoke masafi bila mapovu, na kikopo kisikauke kamwe.

Yakidondokea rangi, mwagia maji mengi palepale. DOT 5 ya silikoni usiiguse, haichanganyiki na DOT 4.