Toa picha kwenye simu ya zamani kabla hujaigawa

Kama una simu ya zamani ya kamera imelala kwenye droo, itoe leo. Betri yake inazidi kufa kila mwezi unaopita, na ikishakufa kabisa kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kumpa fundi Nokia 6600 yangu aifanye vipuri. Nilichomoa memori kadi nikaamini nimemaliza. Siku chache baadaye, nilipoifungua kadi ile kwenye kompyuta, nikakuta picha za miezi ya mwanzo hazimo. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye simu yenyewe. Nilimkimbilia fundi, naye alikuwa ameshaifumua. Basi hata ukiwa na kadi mkononi, iwashe simu kwanza uangalie kote kuwili.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba aina ya simu hukuambia mengi kuhusu mahali picha zilipo. Nokia 7650 iliyotoka 2002, ya kwanza ya kampuni hiyo kuwa na kamera ndani, ukiisukuma juu vitufe vinajitokeza na lenzi iliyofichwa mgongoni inafunuka. Mimi bado naona lilikuwa wazo zuri sana, maana lenzi haikuchubuliwa na funguo mfukoni. Ila haina pa kuweka kadi. Ina kumbukumbu ya takriban MB 4 tu, kwa hiyo utazitoa picha kwa Bluetooth. Tumia kompyuta au simu ya Android kuzipokea, kwa sababu iPhone haipokei faili kwa njia hiyo.

Simu za Nokia za 2003, yaani 3650 na hiyo 6600, zilileta memori kadi ya aina ya MMC, na kuifikia lazima utoe betri. Baada ya hapo maumbo yakawa ya kila namna na kadi zikazidi kusinyaa. N90 ya 2005 hujikunja na kuzungushwa kama kamera ya video, na inatumia MMC iliyofupishwa. N73 ya 2006 ina kifuniko cha kuteleza juu ya lenzi, na kadi yake ni miniSD. N95 ya 2007, yenye megapikseli 5, inachukua microSD, ambayo hadi leo inasomeka bila tabu. Hizo nyingine zitakudai adapta, na adapta zenyewe zinaadimika, kwa hiyo ukiiona inunue. iPhone ya kwanza, nayo ya 2007, haikuwa na kadi wala betri ya kutoa kwa mkono. Simu nyingi zimefuata njia hiyo.

Kuhusu betri: ikiwa imevimba, usiichaji hata kidogo, tafuta nyingine. BL-5C inayoingia kwenye 6600 bado inapatikana kirahisi. Angalia pia chaja, maana Nokia za mwanzo zina tundu la pini nene na za baadaye la pini nyembamba. Baadhi hukataa kuwaka mpaka uweke laini, yoyote ile. Na ukitoa betri saa hupotea, kwa hiyo andika tarehe za picha pembeni kabla kumbukumbu yako mwenyewe haijafifia.

Ukishazihamisha usizikuze wala kuzisafisha kwa programu. Hifadhi nakala ya asili kwanza, mahali pawili.

7650 niliyoisema ilikuwa ya dada yangu. Ndani yake tulikuta picha ya bibi yetu akitia uzi kwenye sindano, pikseli 640 kwa 480. Uzi hauonekani, sindano nayo ni doa tu la mwanga. Lakini vidole ni vyake, na kile kidole gumba kilichopinda tumekitambua wote.